Kupimwa Akili, Kupimwa Hatari

Leo nataka tuzungumze kuhusu maneno ambayo tumeyazoea sana kwenye taarifa za habari. Mtu anashukiwa kuua. Amekamatwa, amefikishwa kortini, kisha mtangazaji anamalizia hivi: mshukiwa hakujibu mashtaka, jaji ameagiza apelekwe kwanza kupimwa akili. Ukisikia hivyo moyo hutulia kidogo. Unajiambia kwamba sasa wataalamu wamemshika, watamchunguza, watajua ni mtu wa namna gani, na watatuambia kama ni hatari kwetu na kwa watoto wetu.

Uchunguzi ule hauulizi jambo hilo hata kidogo.

Fikiria siku ya kawaida katika Mahakama Kuu ya Machakos. Mshtakiwa wa mauaji ameletwa kutoka rumande. Pingu zinafunguliwa, anasimama kizimbani. Mkalimani yuko karibu, maana wengi wanaofika pale huelewa vizuri zaidi wakiambiwa kwa Kikamba. Kiongozi wa mashtaka anasimama na kumweleza jaji kwamba mshtakiwa amechunguzwa na ripoti ya daktari imeletwa. Ripoti yenyewe kwa kawaida ni fupi. Inasema daktari amemwona fulani, amezungumza naye, na ameona kwamba anaelewa mashtaka yanayomkabili, anaweza kumweleza wakili wake upande wake wa mambo, na kwa hiyo anafaa kusimamishwa kortini. Jaji anaisoma, anaandika. Mashtaka yanasomwa, mkalimani anayageuza, mshtakiwa anajibu: si kweli. Hapo kesi imeanza, na karatasi ile ya daktari imemaliza kazi yake.

Ni kazi muhimu, na silengi kuidharau. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinaitaka mahakama, ikiwa na sababu ya kushuku, ichunguze kama mtu anayeshtakiwa ana uwezo wa kujitetea. Haki haiwezi kutendeka kwa mtu asiyejua yuko wapi wala anashtakiwa nini. Lakini swali lenyewe ni la leo tu: je, mtu huyu leo ana fahamu za kutosha kujibu? Kuna swali la pili, la siku ya tukio: je, alipotenda alijua anachokifanya, na alijua kwamba ni kosa? Hilo limo katika kifungu cha 12 cha Sheria ya Adhabu, na wakili wa utetezi ndiye hulileta akiona lina msingi. Swali la tatu ni la kesho: huyu mtu akitoka, atamdhuru mwingine? Nani? Katika hali gani? Na nini kifanywe ili asidhuru? Hili la tatu ndilo linalomsumbua mama aliyefiwa na mtoto, na ndilo jirani anajiuliza anaposikia kwamba fulani ametoka jela. Nalo ndilo tunalolijibu kwa kubahatisha.

Wengi wenu mnamkumbuka Masten Wanjala. Alikamatwa Julai 2021, kijana wa miaka 20. Polisi walieleza kwamba amekiri kuwaua watoto zaidi ya 10, na kwamba aliwaongoza wapelelezi hadi mahali miili ilipotupwa. Kwa maelezo ya polisi, mtoto wa kwanza kabisa alikuwa msichana wa miaka 12, aliyetekwa miaka 5 kabla ya hapo, hapa katika Kaunti ya Machakos. Piga hesabu, msikilizaji. Kama maelezo hayo ni ya kweli, basi aliyetenda alikuwa mwenyewe bado mtoto kisheria, na miaka 5 ikapita akiendelea bila kuonwa.

Kesi hiyo haikusikizwa kamwe. Oktoba 2021, siku aliyotakiwa kufikishwa mahakamani, ikagunduliwa kwamba ametoroka katika kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi. Maafisa watatu wa polisi walikamatwa kwa ajili hiyo. Siku chache hazikupita, akatambuliwa kwao Bungoma, umati ukamvamia na kumuua kwa kipigo.

Ninawaelewa waliosema afadhali. Mzazi aliyezika mtoto hana deni la kumweleza mtu yeyote hasira yake. Hata hivyo umati ule ulizika pamoja naye majibu ambayo sisi sote tuliyahitaji. Hakuna mwanasaikolojia aliyepata nafasi ya kukaa na kijana yule saa baada ya saa, wiki baada ya wiki, na kutuandikia: alianzaje? Nani aliona dalili akiwa mdogo na akanyamaza? Alichaguaje watoto, na aliwavutaje? Wangapi wengine wanafanana naye katika historia yao, na kati yao ni wangapi ambao hawajawahi kumgusa mtu? Familia za watoto waliotajwa, ikiwemo ya Machakos, hazikupata hukumu wala maelezo. Na sisi wengine tulibaki na magazeti yaliyomwita mnyonya damu, kana kwamba jina hilo lingemlinda mtoto anayefuata.

Sasa turudi hapa Machakos, maana mahakama yetu imekuwa katikati ya jambo hili kuliko wengi wanavyojua. Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakwenda kinyume na Katiba. Jaji lazima awe na nafasi ya kumtazama mtu aliye mbele yake. Mahakama hiyo ikataja mambo ya kuzingatia: umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama anajuta, na, sikiliza hili vizuri, uwezekano wa yeye kurekebika na kurudi kuishi na jamii. Kisha tarehe 17 Mei 2022, Jaji George Odunga, akiwa Mahakama Kuu hapa Machakos, akaamua kwamba hata vifungo vya chini vya lazima katika Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 vinakiuka utu wa binadamu pale vinapomnyima hakimu uhuru wa kupima. Wafungwa wa unajisi nchini kote wakaanza kuomba hukumu zao ziangaliwe upya. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Julai 2024, Mahakama ya Juu ikafunga mlango huo katika kesi nyingine: ikasema vifungo vya chini vilivyowekwa na Bunge ni halali, na ikamrudishia mfungwa mmoja miaka 20 aliyokuwa amepunguziwa hadi 15.

Wanasheria wamebishana sana kuhusu nani alikuwa sahihi. Mimi naona ubishi huo umelifunika jambo moja. Ukimpa jaji uhuru wa kupima uwezekano wa mtu kurekebika, lazima umpe pia kitu cha kupimia. Na ukimnyima uhuru huo, ukamfungia mkosaji miaka 20 kwa lazima, bado iko siku miaka hiyo itakwisha. Mlango wa jela utafunguka. Kwa vyovyote vile, swali la kesho linarudi, na mtu fulani atalazimika kulijibu.

Kwa sasa mzigo huo umemwangukia zaidi afisa wa probesheni. Ni yeye anayeagizwa kuandika ripoti kabla ya hukumu au kabla ya kuhukumiwa upya. Anapanda matatu hadi Matuu au Katangi, kisha bodaboda hadi kijijini. Anazungumza na mama, na chifu, na wazee wa ukoo, na familia iliyokosewa ikikubali kumpokea. Anauliza kama kuna chuki iliyobaki, kama shamba lipo, kama mtu huyo akirudi atapokelewa au atachomwa. Huduma ya probesheni ipo Kenya tangu mwaka 1946, na maafisa wake wanajua vijiji vyetu kuliko daktari yeyote wa mjini. Ninawaheshimu sana. Ila ripoti ya kijiji hueleza zaidi kijiji kinavyojisikia kuliko mtu mwenyewe alivyo ndani. Kijiji kinaweza kumkataa mtu ambaye hangemgusa tena hata kuku, kwa sababu tu familia yake ni maskini na haina mtu wa kuisemea. Na kijiji hichohicho kinaweza kumkaribisha kwa nyimbo mjomba mcheshi, mlipa karo, ambaye amewaharibu watoto watatu na hakuna aliyethubutu kusema.

Ndiyo maana sayansi ya kupima hatari ilizaliwa. Ilizaliwa kutokana na aibu, na ni vizuri tuijue. Mwaka 1966, huko Marekani, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mtu aitwaye Johnnie Baxstrom, aliyeendelea kuzuiliwa katika hospitali yenye ulinzi wa jela hata baada ya kifungo chake kwisha. Kwa sababu ya uamuzi huo, wagonjwa 967 wa jimbo la New York, wote wakiwa wameandikwa na madaktari kuwa ni hatari mno, walihamishiwa hospitali za kawaida. Watu waliogopa. Watafiti wakawafuatilia kwa miaka 4. Waliorudishwa katika hospitali za ulinzi mkali walikuwa 26 tu. Watu mia tisa na zaidi walikuwa wamefungiwa kwa neno la daktari lililokosea.

Baada ya hapo wataalamu waliacha kuamini jicho tupu. Mwanasaikolojia Robert Hare wa Kanada alitunga orodha ya sifa 20, kila moja ikipewa alama 0, 1 au 2, ili kumtambua mtu asiye na dhamiri, anayedanganya kwa ulaini na kudhuru bila kuumwa moyoni. Jumla ni alama 40. Amerika Kaskazini huchukulia 30 kuwa mpaka. Ulaya watafiti wengi hutumia 25. Ona hapo: hata kati ya Kanada na Uingereza, nchi zinazozungumza lugha moja, mpaka umesogea. Sasa ulete Machakos. Mojawapo ya sifa 20 ni kuishi kwa kuwategemea wengine. Kijana wa Yatta anayelala kwa kaka yake Mlolongo, anayepakia mchanga kwenye malori siku kazi ikipatikana na kulishwa na shemeji siku isipopatikana, umpe alama ngapi? Hana kasoro ya dhamiri, hana kazi tu. Sifa nyingine ni kutojuta. Mwanasaikolojia mgeni anamtazama mtu ameinamisha macho, anajibu kwa neno moja moja, haoni chozi, anaandika: hajuti. Lakini kwetu kumkodolea macho mkubwa aliyeshika kalamu ni utovu wa adabu, na mwanamume kulia mbele ya mgeni si jambo jepesi. Na mahojiano yenyewe yakipitia kwa mkalimani, yale mapumziko, kusita, sauti kushuka, mambo yote ambayo mpimaji anayategemea, humwagika njiani.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi, nacho pia kilitungwa Kanada, mwaka 1995, na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2013. Kinaitwa HCR-20. Kina mambo 20 ya kuangalia: 10 ya zamani, 5 ya sasa, 5 ya baadaye. Ya zamani ni kama ukatili aliowahi kutenda, pombe na dawa za kulevya, maumivu aliyotendewa utotoni. Hayo hayabadiliki, yaliyopita yamepita. Ya sasa ni kama vile anavyojielewa, mawazo ya kudhuru aliyonayo, na kama anakubali matibabu. Ya baadaye ndiyo yananivutia: ataishi wapi? Nani atakuwa naye? Ataweza kuvumilia misukosuko? Huduma gani zitamfikia? Kipimo hiki hakitoi alama ya mwisho ya kumtundika mtu shingoni. Kinamlazimisha mpimaji aeleze: mtu huyu anaweza kumdhuru nani, kwa njia gani, akiwa katika hali gani, na tufanye nini ili isitokee.

Unaona jinsi hilo linavyokutana na kazi ya afisa wetu wa probesheni? Yeye tayari anajua atalala wapi na nani atampokea. Anajua kama nyumba ya jirani inapika chang'aa au kaluvu, na kama ng'ambo ya mto kuna shule ya msingi. Anachokosa ni mwanasaikolojia wa kukaa naye meza moja, aliyemhoji mfungwa mara kadhaa kwa lugha yake, aliyesoma jalada la kesi na si maelezo ya mfungwa pekee. Kila mmoja akiandika kivyake, jaji anapata karatasi mbili zisizozungumza.

Nisiwafiche, hata kipimo bora kina mpaka, na mpaka huo ni wa hesabu. Chukua mfano huu polepole. Wafungwa 1,000 wanatoka. Tuseme 50 kati yao watarudia ukatili. Tuseme pia tuna kipimo kizuri, kinachopatia mara 80 kwa kila 100. Katika wale 50 hatari, kitawakamata 40. Lakini katika wale 950 wasio hatari, kitakosea kwa 190 na kuwaita hatari. Kwa hiyo utakuwa na watu 230 wenye alama nyekundu, na 190 kati yao hawangemdhuru mtu. Na nje ya hao wapo 10 hatari waliopita wakiwa na alama ya kijani. Namba hizo ni za mfano, lakini hesabu yenyewe haimkwepi mtu yeyote. Ndiyo maana nasema kipimo kisitumike kumfunga mtu maisha yake yote. Kitumike kuamua nani aangaliwe kwa karibu zaidi, na kwa namna gani, na kipimwe tena na tena, maana mtu wa leo si wa mwaka ujao.

Na sisi Wakenya tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Nchi hii imewahi kupima hatari ya watu wake kwa wingi, na ilifanyika pia katika ardhi ya Machakos. J. C. Carothers, daktari Mwingereza aliyesimamia Hospitali ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba Mwafrika haitumii sehemu ya mbele ya ubongo wake ipasavyo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamwagiza aeleze saikolojia ya Mau Mau, naye akayafanya madai ya ardhi na uhuru yaonekane kuwa vurugu za akili. Wakati huohuo wafungwa wa kambi za kizuizini waligawanywa kwa rangi: weupe, wa kijivu na weusi. Mweusi ni yule sugu, asiyekiri. Kambi moja iliyojulikana kwa kazi hiyo ya kuwabadilisha watu mawazo ilikuwa Athi River, palepale ambapo leo tunapita tukielekea Nairobi. Aliyekiri alisogezwa karibu na nyumbani. Asiyekiri alisukumwa mbali zaidi, hadi kambi kama Hola, ambako wanaume 11 walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959.

Sisemi kwamba mwanasaikolojia wa leo ni mkoloni. Nasema kipimo cha hatari kikiwa mikononi mwa mwenye nguvu, kikakosa mtu wa kukikosoa, hugeuka haraka kuwa kipimo cha utiifu. Na ile tabia ya kudai mtu akiri ndipo tumwone amepona bado inaishi. Karl Hanson na mwenzake, huko Kanada, walikusanya tafiti 61 kuhusu wakosaji wa ngono na kuzichapisha mwaka 1998. Kati ya maelfu ya watu hao, waliopatikana wamerudia kosa la ngono ndani ya miaka 4 au 5 walikuwa asilimia 13 hivi. Na lililowashangaza wengi: kukana kosa hakukuonyesha kwamba mtu angerudia. Kilichoonyesha zaidi ni mvuto wa kimwili kwa watoto, makosa ya ngono ya awali, na kuwalenga watu asiowajua. Asilimia 13 ni ya waliopatikana. Tunajua makosa mengi ya aina hii hayafiki polisi. Lakini somo linabaki: machozi kizimbani si ushahidi wa usalama, na ukimya si ushahidi wa hatari.

Vivyo hivyo na tabia njema gerezani. Sheria ya Magereza inamruhusu mfungwa mwenye bidii na nidhamu kupunguziwa thuluthi moja ya kifungo, isipokuwa kwa makosa fulani. Ni sheria nzuri, inampa mtu tumaini. Ila mtu aliyewanajisi watoto anaweza kuwa mfungwa mtulivu kuliko wote, anayeongoza kwaya na kufundisha useremala, kwa sababu gerezani hamna watoto. Utulivu wake hautuambii chochote kuhusu siku atakapokaa tena karibu na mtoto wa ndugu yake.

Na hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu sheria tunayo. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Makosa ya Ngono, tangu mwaka 2006, kinaipa mahakama uwezo wa kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari wa ngono: aliyepatikana na hatia zaidi ya mara moja, au aliyetumia ukatili, au aliyemkosea mtoto. Mahakama inaweza kuagiza kwamba akitoka kabla ya muda wake kwisha, awe chini ya uangalizi hadi siku ya mwisho ya kifungo, na ashiriki programu ya kurekebishwa. Kabla ya kutoa amri hiyo, mahakama lazima ipate ripoti ya afisa wa probesheni, mfanyakazi wa jamii au mtu mwingine iliyemteua. Kifungu hichohicho kinamtaka msajili wa Mahakama Kuu atunze daftari la waliopatikana na hatia za ngono. Yote hayo yameandikwa. Sasa jiulize, katika hukumu zote za unajisi ulizosikia zikitangazwa redioni, ni mara ngapi umesikia jaji au hakimu akimtangaza mtu chini ya kifungu cha 39? Tunahesabu miaka, tunashangilia miaka mingi, na tunasahau kuuliza itakuwaje ikiisha.

Kuna wengine ambao kwao kosa letu liko upande wa pili. Mtu akionekana alitenda lakini akili yake haikuwa sawa, kifungu cha 166 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kimekuwa kikiruhusu azuiliwe kwa ridhaa ya Rais. Hana tarehe ya kutoka. Sheria inataka ripoti ipelekwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Miaka 3 ni mirefu kwa mtu ambaye dawa zimemtuliza ndani ya miezi 6. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamekwisha kusema kwamba kuzuiliwa huku bila kikomo kunakiuka Katiba, na kwamba uamuzi wa kumwachilia mtu ni wa mahakama ikisaidiwa na madaktari, si wa ofisi ya siasa. Naungana nao moja kwa moja. Mama mmoja wa kijijini ambaye mwanawe yuko ndani kwa njia hiyo hawezi kumwambia yeyote atarudi lini, kwa sababu hakuna anayejua.

Najua nitaambiwa pesa hakuna. Madaktari wa akili ni wachache mno kwa nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 47 katika sensa ya 2019, na wengi wako Nairobi. Lakini wanasaikolojia tunawasomesha kila mwaka katika vyuo vikuu vyetu, na tangu 2014 iko sheria inayosimamia kazi yao. Wengi wanatafuta kazi. Idara ya Mahakama, Idara ya Magereza na ile ya probesheni zinaweza kuanza na kaunti moja, yenye Mahakama Kuu, magereza, hospitali ya Level 5 na watu milioni 1.4 kwa sensa hiyohiyo. Machakos ina hayo yote. Wahoji wafungwa kwa Kikamba na Kiswahili, waandike matokeo, wawafuatilie waliotoka kwa miaka 5 au 10, na tujue kwa namba zetu wenyewe nani hurudia na nani harudii. Vipimo vya Kanada vitakuwa mwanzo tu. Vitabadilishwa vikikutana na watu wetu.

Na wewe msikilizaji una kazi yako. Siku moja afisa wa probesheni atafika kijijini kwako na faili mkononi, akiuliza kuhusu mtu unayemjua. Usimfiche kwa sababu ni wa ukoo wenu, na usimchongee kwa sababu mna kesi ya shamba. Kama uliwahi kuona akimwita mtoto kando, sema. Kama unajua alikuwa akipigwa na baba yake hadi kuzimia akiwa na miaka 7, sema hilo pia. Kama aliacha pombe miaka miwili kabla ya kukamatwa, sema. Ukishuku mtoto anadhurika leo, usingoje ripoti wala umati: piga 116, laini ya msaada kwa watoto, ni ya bure, au nenda kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.